Kiangazi cha Kutafuta Kijiko

Jumatatu, 8 Januari

Nimenunua daftari hili kwa sababu nyumba yetu ina watu wawili wasiojua kuzungumza. Binti yangu amerithi ulimi wa mama yake, mkali na wa mkato. Mimi nimebaki na wangu, ambao jambo likiwa zito hujua neno moja tu: "Haya."

Leo nimelitumia tena. Tulikuwa jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nafuta. Akaniambia bila kugeuka kwamba msimamizi wa ule mradi wa barabara amempigia simu tena. Wanamtaka aendeshe greda, mkataba wa miaka miwili, mbali sana na hapa. Wamempa muda wa kufikiri mpaka mvua ya kwanza.

"Na wewe umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia baba yangu anatafuta kijiko kidogo cha kuchotea udongo. Tukikipata kizuri nabaki, tunalima na kutengeneza bustani za watu kama mlivyofanya na mama zamani. Tusipokipata, naenda. Sikurudi nyumbani kubeba karai, baba. Mimi ni dereva."

"Haya," nikasema.

Nilichotaka kusema ni kwamba tangu mkataba wake wa mwisho uishe na arudi hapa, ndiyo mara ya kwanza tangu msiba wa mama yake nimelala usingizi wa kueleweka. Lakini maneno kama hayo hayatoki mtu akiwa ameshika sahani iliyolowa.

Alhamisi, 11 Januari

Jua kali. Samadi kwa toroli mpaka adhuhuri. Bega la kulia limegoma.

Jumapili, 14 Januari

Shemeji amekuja kutusalimia, yaani kutukagua. Ni mdogo wa marehemu mke wangu. Binti yangu humwita mama mdogo na humwogopa kidogo, kama inavyotakiwa. Alipita kidole juu ya kabati, akatazama kile kidole, akanisamehe. Aliposikia tunatafuta kijiko akaweka kikombe chini.

"Kingine? Kwani Chura mlimfanya nini?"

"Tulimuuza, shemeji. Unajua. Tulikuwa tunauguza."

"Najua. Nauliza tu ili mmtaje."

Kweli kumtaja kukawa utamu. Tulikaa mpaka chai ikapoa, tukimzungumza kama ndugu aliyehama.

Chura kilikuwa kijiko kidogo cha magurudumu manne, cha kuchota udongo na samadi, kinachogeuka papo hapo hata katikati ya vitalu vya miche. Mikono miwili inakiendesha, miguu inakanyaga pedeli za kunyanyua na kuinamisha ndoo ya mbele. Dereva mgeni akikanyaga vibaya, mashine nzima inaruka, ndiyo asili ya jina. Mke wangu alikiendesha pekupeku. Alisema viatu vinaiziba miguu yake masikio.

Mimi sikuwahi kukaa kwenye kile kiti, na sikutamani. Kazi yangu ilikuwa chini na sepetu, nyuma ya gurudumu la kulia, nikisawazisha pale alipopita. Akitaka kurudi nyuma ananyanyua mkono wa kushoto, mimi nasogea, ndipo anarudi. Honi hapigi, shingo hageuzi. Watu walikuwa wakisimama barabarani kututazama. Nilivimba kichwa kwa jambo hilo kuliko kwa bustani yoyote tuliyowahi kutengeneza: kuwa na mke anayejua nilipo bila kunitazama.

"Alikuwa mkaidi," shemeji akasema.

"Sana," nikasema, na sote watatu tukatabasamu tukitazama meza.

Jumatano, 17 Januari

Kijiko cha kwanza. Mwenyewe anauza kwa sababu anahama. Nimeanza kuamini kwamba kila mwenye mashine mbovu anahama.

Tulifika mapema kuliko tulivyoahidi. Binti yangu hakusalimia sana, alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini.

"Umeiwasha leo?"

"Nimeipasha tu kidogo, nisiwapotezee muda."

"Muda tunao," akasema. "Mashine iliyopashwa ni mgonjwa aliyemeza dawa. Homa yake huioni."

Tukakaa kivulini kando ya ukuta tukisubiri ipoe. Mwenyewe alituletea maji, kisha akaleta hadithi za uaminifu wake, kisha akaishiwa. Injini ilipopoa akaiwasha. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Akajaribu tena na tena.

"Leo ina aibu," akasema.

"Basi tusiizidishie," binti yangu akasema, akamshukuru kwa maji.

Jumamosi, 20 Januari

Mawingu membamba yalipita yakaenda kwa wengine. Hakuna mashine.

Jumamosi, 27 Januari

Cha pili kilikuwa kinang'aa kwa rangi mpya. Mita ya masaa ilionyesha kimefanya kazi kidogo sana. Nikashawishika. Binti yangu akashusha ndoo ya mbele, akaikandamiza chini mpaka magurudumu ya mbele yakaning'inia, kisha akaitikisa na kuniambia nitazame viungo. Pini zilikuwa zinacheza kwenye matundu yake kama meno ya mzee. Akanionyesha na pedeli: mpira wote umelika, chuma kimebaki kitupu.

"Mita inasema msichana," akaninong'oneza, "pedeli zinasema bibi."

Nilijizuia mpaka tulipotoka getini. Njiani nilicheka mpaka nikasimama. Ni aina ya maneno ambayo mama yake angeyasema, na kwa sauti ileile ya chini, mdomo haujongei. Nilipomwambia hivyo, tabasamu lake likapungua kidogo. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 2 Februari

Cha tatu ni cha mfyatua matofali mmoja, mtu mzima, magoti yamemwisha na anafunga kazi. Kipo chini ya banda safi. Kina rangi ya kijivu. Tulikikuta baridi kabisa na kikawaka kwa mara moja.

Binti yangu alizunguka na kipande cha kadibodi, akikipitisha karibu na mipira ya haidroliki kutafuta uvujaji.

"Kwa nini usipapase na mkono?" nikauliza.

"Mafuta ya presha yakitokea kwenye tundu dogo yanaingia mwilini kama sindano. Na mikono yangu naipenda."

Kadibodi ilitoka kavu. Akashusha ndoo, akatikisa: viungo vimetulia. Akanionyesha vioo viwili vya pembeni, dirisha pana la nyuma, na king'ora kinacholia chenyewe mashine ikirudi nyuma. Pedeli hakina, kila kitu kiko kwenye vijiti viwili vya mkononi. Akakizungusha uani, akanyanyua rundo la matofali na kuliweka chini bila kusikika. Aliposhuka nilimwona usoni. Alikuwa ameshapata.

"Hakina sura," nikasema.

"Sura?"

"Hakina tabia. Kimepoa mno."

"Baba, tunatafuta mashine au mchumba?"

Mfyatua matofali akacheka. Mimi nikasema tutazame na vingine kwanza. Akatuambia hawezi kutuwekea milele, kuna watu wengine wanakuja kukiona.

Hapa naweza kusema ukweli: hakina kasoro. Ila nilijaribu kumfikiria mke wangu amekaa mle ndani na nikashindwa. Kila nilipomweka kwenye kiti, alitoka.

Jumatatu, 5 Februari

Joto. Binti yangu hajaniuliza tena kuhusu kile cha kijivu. Hajaniuliza chochote.

Jumamosi, 10 Februari

Nimempata Chura.

Nilikwenda mjini kununua mpira wa kumwagilia. Nyuma ya duka kuna uwanja wa dalali wa mashine kuukuu. Nikachungulia tu, kama mtu anavyochungulia dirisha la kinyozi. Mwisho wa uwanja, kati ya mashine ya kuchanganya zege na trela lisilo na magurudumu, kulikuwa na kijiko cha rangi ya njano. Chura wetu alikuwa wa kijani. Lakini upande wa kushoto, chini ya mlango, kulikuwa na kidaraja cha kupandia, kipande cha chuma kilichochomelewa kikapinda kidogo. Nilikichomelea mimi, vibaya, kwa sababu mke wangu alikuwa mfupi na alikataa kurushwa kitini kama gunia. Nilikwangua rangi kwa kucha. Kijani kikatokea.

Dalali alinikuta nimekaa kwenye kile kidaraja.

"Mzee, unalia?"

"Vumbi."

"Vumbi gani, na nimetoka kumwagia maji sasa hivi?"

Nikamweleza. Ni dalali, amesikia kila hadithi duniani, lakini hii aliisikiliza mpaka mwisho kofia ikiwa mkononi. Tukakubaliana atatuletea Chura shambani tumjaribu siku chache.

Nimerudi nyumbani bila mpira wa kumwagilia.

Jumatatu, 12 Februari

Nilimpeleka binti yangu kumwona. Alisimama muda mrefu akiwa ameweka kiganja kwenye kile kidaraja. Kisha akavaa uso wa kazi na kuanza kukagua. Pini zimelegea. Mipira imezeeka, imepasuka ngozi. Vioo vya pembeni hakuna. Honi imekufa.

"Honi hata kwetu haikuwahi kufanya kazi," nikamwambia.

"Baba, kama hiki kisingekuwa cha mama, ungekinunua?"

"Kama si mama yako, nisingekuwa na hata hilo shamba la kukipeleka."

"Hilo si jibu."

"Pini zinabadilishwa. Mipira inabadilishwa. Kaa tu kwenye kiti uone."

Akanitazama kwa namna ambayo sikuizoea, kama mkubwa anavyomtazama mtoto anayeomba kitu dukani. "Tukijaribu na nikasema hapana, utasikia?"

"Haya," nikasema.

Ijumaa, 16 Februari

Wameleta Chura kwa lori jioni. Nimempa maji, yaani nimemwosha. Shemeji amepiga simu kusema Jumapili anakuja kuangalia, nisimzuie.

Jumapili, 18 Februari

Nitaandika polepole.

Asubuhi ilianza kama sikukuu. Chura aligoma, akagoma tena, kisha akawaka, na ile sauti ikajaa shambani, nzito, yenye kikohozi katikati. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kibaraza na kanga mabegani. Akaziba mdomo kwa upindo wake. Hata mimi sikuweza kumtazama.

Kazi tuliyochagua ilikuwa ndogo: kuhamisha kichuguu cha udongo kutoka getini mpaka kwenye vitalu vipya vya miche. Binti yangu amezoea vijiti vya mkononi, pedeli zikamchanganya. Mara ya kwanza Chura aliruka mpaka udongo wote ukamwagika. Tulicheka, hata yeye. Alipofika safari ya tatu au ya nne akawa ameshika mdundo.

Nami nikashika sepetu, nikaenda mahali pangu.

Hakuna aliyenituma. Miguu ilijua njia. Nyuma ya gurudumu la kulia, hatua moja pembeni, nasawazisha, nasogea, nasawazisha. Harufu ya moshi ileile. Joto la injini ubavuni lilelile. Bega langu halikuuma hata kidogo. Mbele yangu kulikuwa na kisogo, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nyuma, na kwa muda nisioweza kuupima sikujua ni mwaka gani. Nilikuwa na furaha. Naiandika kwa sababu ni kweli, nilikuwa na furaha kama mjinga.

Akachota, akanyanyua ndoo. Sasa ilibidi arudi nyuma. Nikaona kichwa chake kikigeuka kidogo kulia, kidogo kushoto. Mashine ikasita. Nikasita nayo. Nilikuwa nautazama mgongo wake nikisubiri mkono wa kushoto unyanyuke.

Chura akaja.

Shemeji alipiga ukelele ambao sikujua anaweza kuutoa. Sikumbuki nilirukaje, kama niliruka au nilianguka. Nilisikia mpini wa sepetu ukikatika, kisha nikawa nimelala kwenye vitalu, gurudumu limesimama juu ya suruali yangu, limeibana ardhini pembeni ya goti. Injini ikazimwa.

Binti yangu hakutumia kile kidaraja. Aliruka. Alipiga magoti akaanza kunipapasa miguu, huu, ule, huu tena.

"Sema kitu. Baba, sema kitu."

"Niko mzima."

"Ulikuwa unafanya nini pale nyuma?"

"Ndipo ninapokaa siku zote."

"Siku zote za lini? Mimi na wewe tumewahi kufanya kazi pamoja? Nimetazama kulia, nimetazama kushoto, sijaona mtu. Hakuna kioo, hakuna honi. Kwa nini hukusogea? Umeona kabisa nataka kurudi."

"Nilikuwa nasubiri mkono."

"Mkono gani?"

Nikanyanyua wa kwangu wa kushoto, nikiwa nimelala palepale kwenye udongo, kumwonyesha. Alipokuwa mtoto aliuona mara nyingi kutoka kibarazani. Nikauona ukimrudia usoni, kisha uso wote ukabadilika.

"Huo ni wa mama," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mimi si mama. Ningekuua. Ningekuua nikiwa nimekaa kwenye kiti chake."

Shemeji alikuwa ameshafika. Wakanisaidia kuitoa suruali chini ya gurudumu, ikachanika. Shemeji akamkumbatia binti yangu, naye binti akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ile ya msiba, maana siku ile alikuwa anahangaika na wageni.

Jioni alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia.

"Nitakwenda kwenye barabara, baba. Kule nisipomwona mtu kwenye kioo, najua hayupo."

Akauvuta mlango taratibu. Akaondoka.

Jumatatu, 19 Februari

Mawingu. Tumekula kila mtu kwa wakati wake.

Jumatano, 21 Februari

Binti yangu alikwenda kufua nguo za safari kwa mama yake mdogo. Mashine yetu ya kufulia ni nzima. Nimeelewa.

Nilibaki mimi na Chura uani. Niliokota sepetu iliyokatika mpini, nikaichomeka ardhini mahali pangu, nyuma ya gurudumu la kulia, hatua moja pembeni. Kisha nikakanyaga kidaraja nilichokichomelea mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakaa kwenye kiti cha mke wangu. Sijui nilikuwa nataka nini. Labda kumsogelea.

Nikageuka kuitazama sepetu.

Haipo. Nikageukia upande mwingine. Kifuniko cha injini, wavu wa chuma, mkono wa kunyanyulia ndoo, basi. Nikajivuta, nikanyoosha shingo. Yeye alikuwa mfupi kuliko mimi. Kama mimi siioni, yeye angeonaje?

Kumbe hakuwa ananiona. Miaka yote ile. Kelele za injini zinampigia kichwani, mizigo mbele, na nyuma yake mume asiyejulikana yuko wapi. Ule mkono niliouona wa malkia ulikuwa wa mtu anayeomba: sogea, tafadhali, sikuoni. Halafu anahesabu moyoni na kurudi nyuma kwa imani tu, mara ngapi kwa siku, na jioni ananipakulia chakula kana kwamba hakuna lililotokea. Nilijivunia macho yake ya kisogoni mbele za watu, naye akanyamaza akaniachia fahari yangu.

Nilikaa pale mpaka matako yakafa ganzi. Nilimlilia upya, mke mwingine kidogo kuliko yule niliyemlilia kwanza. Huyu alikuwa na woga. Nikampenda zaidi.

Alhamisi, 22 Februari

Nimempigia dalali aje amchukue Chura. Kisha nikaenda kwa shemeji. Binti yangu alikuwa anaanika nguo uani. Nikashika upande wa pili wa shuka, tukakamua.

"Nilikaa kwenye kiti cha Chura jana," nikamwambia. "Nyuma haionekani kitu."

"Najua."

"Mimi sikujua. Mama yako hakuniambia."

Akaacha kukamua. Nikaendelea, maana nilijua nikisimama sitaanza tena.

"Sikuombi ubaki. Ukitaka kwenda, nenda, nitakusindikiza mwenyewe. Lakini kijiko bado nakihitaji, na bila wewe nitauziwa mbuzi kwenye gunia. Twende kwa mfyatua matofali, kama bado anacho. Chagua wewe. Chagua ambacho ungekaa wewe. Ukiondoka nitatafuta dereva mwingine, naye angalau awe na kioo cha kunionea."

Shemeji alikuwa dirishani anajifanya anachambua mchele.

"Hayo maneno yote umeyatoa wapi?" binti yangu akauliza.

"Nimeyaweka akiba."

Akaichukua shuka mkononi mwangu na kuianika. "Kesho kutwa," akasema. "Saa moja. Kabla hajakipasha."

Ijumaa, 23 Februari

Dalali amemchukua Chura. Nilisimama getini mpaka lori likakata kona. Nilidhani itaniuma zaidi ya ilivyoniuma.

Jumamosi, 24 Februari

Mfyatua matofali alikuwa ameshakiahidi kwa mtu mwingine, lakini huyo mtu alitaka kukichukua bila kulipa na wakagombana. Kukosa kwa yule ndiyo bahati yenu, akasema, akatufungulia banda.

Binti yangu alikagua kila kitu upya, mwanzo mpaka mwisho, kama hajawahi kukiona. Safari hii sikusema kuhusu sura. Nilishika kadibodi alipohitaji mkono wa pili. Alipomaliza akasema, "Hiki." Mfyatua matofali akakifuta vumbi kwa kitambaa kabla ya kutukabidhi ufunguo, na nikaona midomo yake inacheza. Nikageuka kando nimpe nafasi. Najua jinsi ilivyo.

Jumatano, 28 Februari

Kijiko kipo bandani. Nguo za safari zimepigwa pasi zimekunjwa, zipo juu ya kiti sebuleni. Kila siku nazipita. Siulizi, nimeahidi.

Shemeji hakuahidi kitu, kwa hiyo yeye ameuliza. Binti yangu amemjibu, "Mama mdogo, mvua imenyesha?"

Jumamosi, 2 Machi

Radi kwa mbali. Binti yangu amesogeza kiti cha kijiko mbele, akarudisha, akasogeza tena. Kisha amekwenda kulala.

Jumanne, 5 Machi

Imenyesha. Ilianza kabla ya mapambazuko, ikapiga bati mpaka nikaamka, nikalala macho yakiwa wazi nikiisikiliza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ukulima niliomba isinyeshe.

Ilipokatika nikatoka. Nguo hazikuwa kwenye kiti. Nikasimama pale sebuleni nikikitazama kile kiti kitupu.

Kisha nikasikia injini.

Alikuwa getini, anachota kile kichuguu tulichokiacha siku ile, udongo sasa umelainika vizuri. Nilivaa buti bila soksi. Nilichukua sepetu, mpini mpya, nikakata kwa nyuma kwenda zangu mahali pangu. Sikuwa hata nimefika. Kabla king'ora hakijalia, mashine ikasimama na akaizima kabisa. Akatoa kichwa mlangoni.

"Baba. Toka huko."

"Nasawazisha tu."

"Utasawazisha baadaye. Njoo huku mbele. Nataka nikuone."

Nikazunguka. Akanyoosha mkono akanipa simu yake nimshikie, isianguke, akawasha injini akaendelea. Nikasimama kando ya vitalu, mbali kidogo, mahali alipopaelekeza kwa kidole. Mama yake nilimjua kazini kwa kisogo tu. Huyu nilikuwa namtazama usoni. Anakunja paji la uso. Anauma mdomo wa chini upande mmoja. Anasema na mashine maneno nisiyoyasikia. Nilitafuta sura ya mama yake mle na sikuipata, wala sura yangu. Akanyanyua macho, akahakikisha nipo, akachota.

Simu ikalia mkononi mwangu. Alikuwa msimamizi wa barabara. Niliinua juu nikamwonyesha binti yangu. Aliisoma kwa mbali, akasita kidogo, ndoo ikiwa hewani imejaa.

"Pokea," akapaza sauti. "Mwambie niko kazini."

Nikapokea. Nikamwambia yuko kazini.

"Kazini?" akauliza. "Kazi ya nani?"

"Yake," nikasema.